Siku Moja na Swali la Kitanzi

Saa 11 alfajiri

Hata uso sijanawa, nasikiliza jumbe za sauti. Kundi letu la kuzungumza Kiingereza lina watu wa Tanga, Nairobi, Bujumbura, Lubumbashi na Muscat, kwa hiyo hakuna saa ambayo wote wamelala. Mada ya leo waliichagua wenyewe kwa kura: adhabu ya kifo. Jana usiku mmoja wao akalirusha swali kundini: ni sawa au si sawa? Majibu yamejaa. Damu kwa damu. Mwenye roho ni Mungu. Wanyongwe hadharani wengine wapate adabu.

Swali la namna hiyo halizungumziki. Kila mtu anakuja na jibu alilotoka nalo kwao, analitua, anakaa. Kwa somo la lugha ni hasara tupu, maana mtu anatamka sentensi mbili alizokwisha kuzikariri na mdomo unafungwa. Kwa hiyo hadi saa 2 usiku niwe nimepata swali jingine ndani ya hilo.

Saa 2 asubuhi

Mwanafunzi wangu wa peke yake, nesi wa hapahapa Morogoro, anajiandaa na mtihani wa Kiingereza ili aombe kazi nje. Saa nzima. Analipa kwa wakati, Mungu amzidishie.

Saa 4

Chai ya rangi, daftari, na kusoma. Hapa ndipo siku yangu inapokaa zaidi, na hakuna anayeilipia.

Naanza na nyumbani. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 197, inasema aliyepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia atahukumiwa kifo. Ukimwacha mjamzito na aliyetenda kosa akiwa mtoto, jaji hana hukumu nyingine ya kutoa. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba adhabu hiyo inakiuka Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu yake, na kilichonifanya niweke kikombe chini ni hiki: majaji wa rufani walikubali kwamba kunyonga ni ukatili unaomdhalilisha mtu, ila wakasema Katiba yenyewe inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa maslahi ya umma. Yaani ni ukatili, lakini unaruhusiwa. Niliisoma tena kuhakikisha macho hayanidanganyi.

Juu ya hapo, kitanzi chenyewe hakijatumika Tanzania tangu miaka ya 1990. Hukumu zinatolewa, utekelezaji unasubiri saini ya Rais. Mwaka 2017 Rais Magufuli alisema waziwazi, siku anamwapisha Jaji Mkuu, kwamba yeye kusaini hawezi. Mtu anakaa gerezani miaka na miaka, hajui kama ni mfungwa wa maisha au ni maiti inayosubiri zamu.

Kisha majirani. Rwanda waliifuta mwaka 2007, Burundi 2009. Kenya ipo kwenye vitabu, lakini Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema ni kinyume cha Katiba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila muuaji. Miaka miwili baadaye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha, ikasema jambo hilohilo dhidi ya Tanzania. Kongo ya Kinshasa nao, baada ya kusitisha utekelezaji tangu 2003, walitangaza mwaka 2024 kuurejesha.

Watu wangu, basi, kila mmoja anaingia akiwa amesimama juu ya sheria yake. Hiyo ni mali.

Saa 7 mchana

Wali maharage kwa mama lishe wa kona. Kijana wa bodaboda ananiuliza wiki hii tunabishana nini na hao wazungu wangu. (Hakuna mzungu hata mmoja. Nimeshamwambia, haamini.) Namweleza. Anatafuna, anafikiri, kisha ananiambia: "Sasa madam, mke aliyepigwa miaka kumi akaamua kumwekea mumewe sumu, na jambazi aliyeua mlinzi akachukua pesa, wote kamba moja?"

Namwambia wote wakitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, ndiyo, kamba moja.

"Na jaji anamwona kabisa yule mama?"

Anamwona.

Nimelipia soda yake. Swali nimelipata.

Saa 10 jioni

Naandika ukurasa mmoja, usizidi. Juu kabisa swali: jaji aachiwe nafasi ya kuchagua adhabu, au sheria imchagulie? Chini yake maneno 12 ya kisheria, na vianzio vya sentensi kwa wale ambao ulimi bado mzito: naelewa unachosema, lakini; ningekubali kama; tuseme angekuwa ndugu yako. Wa Bujumbura na Lubumbashi wamesoma kwa Kifaransa na wanataka Kiingereza kwa ajili ya kazi, hivyo vianzio hivi wanavishika kama reli ya ngazi.

Natuma. Baada ya dakika chache napigiwa na kaka mmoja wa kundi, sauti imeshuka. Mdogo wake aliuawa, kesi ilishaisha. Hakuwa ameniambia. Nampa pole, namwambia leo apumzike, hakuna atakayeuliza. Anasema hapana, ataingia, ila kamera ataizima na asiitwe jina. Namkubalia. Naandika jina lake kwenye karatasi na kulipigia mstari, nisije nikalisoma kwa mazoea.

Nanunua bando. Simu na kompyuta vinalala kwenye chaji mapema, maana umeme haukopesheki.

Saa 2 usiku

Hapa kwetu saa 2, Bujumbura saa 1, Muscat saa 3 na mama yetu wa huko, mwenye asili ya Unguja, amekwisha kula na kuosha vyombo. Tunatumia Zoom ya bure, inayokata baada ya dakika 40. Wengi wanaichukia. Mimi naipenda: inawaamsha kunywa maji, na wanaporudi hasira zimepoa.

Sheria ni mbili. Ya kwanza, aliyesema asubuhi wanyongwe, leo anatetea jaji aachiwe nafasi, na aliyepinga anatetea sheria isiyobadilika. Ya pili, kabla ya kujibu, rudia hoja ya mwenzako mpaka aseme ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema. Kwa Kiswahili sheria hii isingedumu dakika tano, wangekatana kauli. Kwa Kiingereza kila mmoja anatafuta neno, na akilitafuta mwenzake anapata muda wa kusikia.

Mzee wa Tanga, karani mstaafu wa mahakama, amepangiwa kutetea sheria isiyobadilika. Nilitegemea atasuasua. Akasema jaji asiye na chaguo analala usingizi, kwa sababu aliyeua ni sheria. Mpe chaguo, na kila usiku atajiuliza kwa nini huyu ndiyo na yule hapana. Kisha akaongeza kwamba anayepewa nafasi ya kuhurumia ndiye huyohuyo anayefuatwa na bahasha. Kimya. Dada wa Nairobi aliyetakiwa kumjibu alirudia hoja ile mara tatu kabla mzee hajaridhika.

Mama wa Muscat akaleta mlango mwingine: katika sheria ya Kiislamu ndugu wa marehemu wanaweza kusamehe, au kupokea diya, yaani fidia ya damu. Kwa nini tunabishana jaji na Bunge, akauliza, na wenye msiba hawaulizwi?

Ile picha nyeusi isiyo na sura ikawasha maiki. Kiingereza chake kilikuwa cha kukatikakatika. Alisema: msinipe mimi kazi hiyo. Nikisema afe, mama yake atanijua maisha yote. Nikisema aishi, mama yangu atanijua. Mniachie nilie tu.

Mama wa Muscat hakuleta ubishi. Alirudia maneno yake yote, polepole, kama sheria yetu inavyotaka, akamuuliza kama ameyasema sawasawa. Akajibu ndiyo. Zoom ikakata.

Waliporudi niliwagawa wawiliwawili kwenye vyumba vidogo wamalizie huko.

Saa 4 usiku

Natuma masahihisho kwa kila mtu: viambishi vya wakati, matamshi, maneno ya kujaribu tena. Kwa yule kaka sikusahihisha chochote. Nimemwandikia tu kwamba alieleweka.

Kura ya wiki ijayo imefunguliwa, na mpaka sasa inaongoza mada ya mshahara wa wafanyakazi wa ndani. Mzee wa Tanga ameshaandika kwamba siku hiyo atakuwa safarini. Dada wa Nairobi amemjibu kwamba intaneti hufika hata safarini.