Mawe ya Barabara Ndani ya Kanisa

Leo mchana, baada ya majuma mawili ya kuishi hapa Saint Petersburg bila kuona zaidi ya bweni na darasa, nimefika kandokando ya mfereji wa Griboyedov na kuingia katika Kanisa la Mwokozi Juu ya Damu.

Ujenzi wake ulianza mwaka 1883, mahali pale pale ambapo Tsar (mfalme) Alexander II wa Urusi alijeruhiwa kwa bomu mwaka 1881, akafariki siku hiyo hiyo.

Kuta zimefunikwa kwa mozaiki (picha za vipande vidogo vya rangi), zaidi ya mita za mraba 7,000, na shingo imeniuma kwa kutazama juu. (Sikuwa peke yangu, kila mtu alikuwa ameinua simu.)

Hata hivyo, kilichonishika kilikuwa chini.

Ndani ya kizimba cha mawe ya thamani wamehifadhi kipande cha barabara ya siku ile: mawe ya kawaida kabisa, ya kijivu, pamoja na sehemu ya ukingo wa chuma wa mfereji. Nimeyatazama kwa muda mrefu kuliko dhahabu yote ya humo.

Ndugu zangu mliowahi kufika, ninyi mlisimama wapi?