Uzoefu wangu: kompyuta iliyokuwa ikirudi jana

Chama chetu cha msingi cha ushirika kipo Kibosho, juu ya mji wa Moshi, na kwa misimu miwili kumbukumbu za mizani ya kahawa zilitunzwa na Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja tu, niliyoifunga ofisini mimi mwenyewe. Bodi hiyo, iliyotoka mwaka 2019, haina saa inayoendelea kutembea umeme ukikatika. Muda huuchukua kwenye intaneti, na intaneti isipokuwepo huanzia pale ilipohifadhi muda mara ya mwisho. Kwa hiyo umeme ulipokatika usiku, kahawa iliyopokelewa asubuhi iliandikiwa jana jioni. Mhasibu wetu, mama aliyeanza kutunza vitabu vya chama enzi za kalamu, aliniwekea mezani stakabadhi mbili zilizopishana akasema, "Mwanangu, hii kompyuta yako inarudi jana."

Nilipohamia Raspberry Pi 5, iliyotoka mwaka 2023, kilichonivuta hakikuwa prosesa yake ya gigahezi 2.4, kwani kupima magunia hakuhitaji mbio hizo, bali tundu dogo la betri ya saa. Betri yenyewe ni ya kuchajiwa, lakini chaji haiingii mpaka uandike mstari mmoja katika config.txt, faili la mipangilio ya bodi. Naona waliobuni walifanya busara, maana mtu akichomeka betri ya kawaida isiyochajika kisha ikasukumiwa umeme, hatari ni yake na ya meza yake.

Kilichonitoa jasho ni ulaji wa umeme. Bodi hii inataka volti 5 kwa ampea 5, yaani wati 25, na chaja nyingi za USB-C, hata zile kubwa za kompyuta mpakato, zikiwa kwenye volti 5 huishia ampea 3. Zikitaka kutoa nguvu zaidi hupandisha volti, ambazo bodi hii haizipokei. Sisi tunatumia betri ya sola ya volti 12, nami nilinunua konvata ya kushusha hadi volti 5, iliyoandikwa kuwa inatoa ampea 5. Bodi iliwaka vizuri, lakini diski ya SSD iliyochomekwa kwenye USB ilikuwa ikipotea katikati ya kazi.

Nilidhani diski imekufa. Kumbe bodi huulizana kwanza na chaja, na isipojibiwa kwamba ampea 5 zipo, matundu yote ya USB kwa pamoja hupewa miliampea 600 tu badala ya ampea 1.6. Konvata yangu ilikuwa na umeme wa kutosha ila haikujua kujibu. Dawa ni mstari wa usb_max_current_enable=1 katika faili lile lile la config.txt, lakini sikuuandika kabla ya kupima konvata kwa mita ya volti huku bodi ikifanya kazi nzito.

Kipimo hicho ndicho kilichofichua kosa langu jingine. Kwenye konvata nilisoma volti 5.1, na kwenye bodi 4.6, kwa kuwa nilivuta waya mwembamba wa mita mbili kutoka kwenye konvata, iliyokuwa kando ya betri nyuma ya kabati. Ampea 5 zikipita kwenye ukinzani wa omu 0.1 tu, nusu volti inapotelea njiani. Nilihamishia konvata karibu na bodi, nikaacha umbali usafiriwe na volti 12, ambako wati zile zile 25 zinahitaji ampea 2 na kidogo, kisha kipande cha volti 5 nikakifupisha hadi shubiri moja ya waya mnene. Kwenye bodi sasa nasoma volti 5.05, na onyo la umeme mdogo halijatokea tena.

Kwa maoni yangu, bodi ingepokea volti 9 au 12 moja kwa moja ingetufaa zaidi sisi wa sola. Saa, hata hivyo, haijarudi nyuma tangu mwanzo wa msimu, ingawa mama mhasibu bado anaandika muda kwa kalamu pembeni ya kila stakabadhi.