CV nzuri ambayo kompyuta haikuiona

Mpwa wangu alimaliza shahada ya uhasibu Chuo Kikuu cha Kyambogo, akarudi kwetu Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, na CV aliyotengenezewa Nasser Road, mtaa wa wachapishaji Kampala. Ilipendeza, sisemi uongo: safu mbili, picha akiwa na joho, ujuzi umeonyeshwa kwa vinyota. Akatuma maombi kumi na tisa kwa mtandao. Kumi na saba kimya. Mawili yalikataliwa usiku uleule, dakika chache baada ya kutuma.

"Mjomba, labda hawataki watu wa mpakani."

Nina kibanda cha kompyuta na kutoa fotokopi. Nikamwambia anakili kila kitu kwenye CV, akibandike kwenye Notepad. Tulicheka, kisha tukanyamaza. Jina na namba ya simu havikuwepo, kumbe vilikuwa ndani ya picha ya juu. Safu mbili zilikuwa zimeingiliana, mwaka wa kuhitimu umeangukia katikati ya orodha ya lugha. Vinyota vimepotea. Programu ambazo waajiri hutumia kuchuja maombi nazo huchota maandishi tu. Ofisa akitafuta neno lisilomo, hutokei.

Tukaiandika upya: safu moja, bila jedwali, simu kwenye mwili wa ukurasa. Hilo lilichukua nusu saa. Maneno ndiyo yaliyotukalisha jioni mbili. Tangazo la kazi lilitaka anayejua QuickBooks, programu ya uhasibu, na kuwasilisha ritani za VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Yeye aliandika "programu za uhasibu" na "masuala ya kodi", ilhali alipokuwa mafunzoni alifanya yote mawili! Tukatumia maneno ya tangazo. CPA (Certified Public Accountant), cheti cha uhasibu anachokisomea, tukaiandika kwa kifupi na kwa kirefu, maana hujui watatafuta ipi.

Rafiki yake alishauri wabandike tangazo zima chini kwa maandishi meupe, mtu asiyaone ila programu iyasome. Nilikataa. Programu ikishayachota yanasomeka kama mengine, na hapo umeumbuka.

Yale mawili ya usiku hayakuhusu CV. Fomu iliuliza kama ana uzoefu wa miaka mitatu, akajibu hana. Siku hizi anasoma maswali hayo kwanza kabla ya kupoteza bando.

Ombi la nne kwa CV mpya, akaitwa kufanya mtihani Kampala. Ile ya vinyota hatujaitupa. Akipeleka maombi kwa mkono, ndiyo anayoibeba.