Nilivyokusanya diwani ya mjomba baada ya kufa kwake

Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani Gikomba, Nairobi, na mashairi yake aliyaandika kwenye daftari lile lile la vipimo. Ukurasa mmoja una kiuno 34, urefu 41, baki shilingi 200, kisha chini yake beti tano za tarbia, yaani za mishororo minne minne, zilizopimwa vizuri kuliko hiyo suruali. Alipofariki, madaftari yalibaki kwenye sanduku la bati nyumbani Pumwani, pamoja na vipande vya magazeti vyenye tungo zake. Familia ikaniomba niyafanye diwani, yaani kitabu cha mashairi yake.

Nilianza na haki. Sheria ya Kenya hulinda maandishi hadi miaka 50 baada ya kwisha mwaka aliofariki mtunzi, na haki hiyo hurithiwa kama mali nyingine. Mirathi ilikuwa imeshagawanywa kwa Kadhi, ila kwenye orodha zilitajwa cherehani, meza na pesa za benki. Mashairi hakuna aliyeyakumbuka. Ikabidi warithi wote watie saini karatasi ya kuniruhusu. Namba ya ISBN, ile ya kutambulisha kitabu, tuliomba Maktaba ya Taifa. Hayo yalikwenda haraka.

Kazi yenyewe ilikuwa kwa watu waliomo ndani ya mashairi. Sehemu kubwa ya tungo za mjomba ni majibizano na sahibu yake wa Kariokor, waliyegombana naye miaka mingi kwa sababu ambayo kila mtu Pumwani anaisimulia kivyake. Ukisoma upande mmoja tu ni sawa na kumsikiliza mtu akizungumza kwenye simu. Nikaenda kwa huyo mzee, nikabisha hodi nikijua huenda nikafukuzwa.

"Wewe ni mpwa wake," akasema kabla sijajitambulisha. "Kaa, mwanangu."

Nikamsomea shairi kutoka kwenye kipande cha gazeti, lile ambalo halikuwemo daftarini. Nilipofika "Waniona jiwe, lililozuia njia," akanyanyua mkono. Ukwapi, kile kipande cha kwanza cha mshororo, una mizani sita, yaani silabi sita, badala ya nane. Marehemu, akasema, angeweza kukosa adabu lakini si mizani. Hao wa gazeti wameangusha neno. Mimi nilikuwa nimeshapachika "kama" kwa penseli, maana inatosha: waniona kama jiwe. Mzee akatikisa kichwa. "Waniona mimi jiwe. Aliniandikia mimi, nalijua." Yote mawili yanatimiza mizani nane. Mhariri hawezi kuyachagua kwa kuhesabu vidole. Anayejua ni aliyetukanwa.

Ndipo nikaelewa ni kwa nini mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa zamani wa Mombasa, yaliyochapishwa kama diwani mwaka 1940, yana deni kubwa kwa Mwalimu Sikujua, aliyeyakusanya Mombasa pamoja na mmisionari Mwingereza William Taylor miongo kadhaa baada ya Muyaka kufa. Bila mtu wa kukueleza nani anapigwa vijembe, unabaki na vina tu.

Nikamwomba mzee majibu yake tuyachape ukurasa kwa ukurasa na ya mjomba. Hayo ni yake, si ya mirathi yetu, kwa hiyo alitia saini karatasi yake mwenyewe, akadai nakala.

Yaliyonichosha zaidi ni mashairi ya mapenzi. Mawili yamemtaja mwanamke ambaye si mkaza mjomba, yaani mkewe mjomba, na leo ni bibi wa watu hapo hapo Majengo. Nilidhani mkaza mjomba ndiye atakayekataa. Wala! Alicheka, akasema yalitungwa kabla hajaolewa, na kwamba yeye alipata mazuri zaidi. Waliokasirika ni watoto wake. Tungeweza kubadili jina, lakini limekaa kwenye kina cha kati beti zote. Ukiligusa unatunga upya. Mzee wa Kariokor alijitolea kufanya hivyo, na nina hakika angefanya vizuri. Nikakataa. Shairi la marehemu ama lichapwe lilivyo, ama likae. Yale mawili yamekaa kwenye faili hadi bibi aliyetajwa mwenyewe aseme.

Kabla ya kupeleka kwa mchapaji, mzee alileta jibu jipya, la shairi la mwisho aliloandikiwa na mjomba ambalo hakuwahi kulijibu. Sikuwa na mamlaka nalo, nikampelekea mkaza mjomba. Akalisoma taratibu, akavua miwani. Beti ya tatu, akasema, imejaa uongo mtupu, lakini vina vimekaa, lichapwe.