Fidla na BMX pale Coco

Wanangu, leo jioni nilikuwa ufukweni Coco, Dar, na BMX yangu, ile baiskeli ndogo ya kuchezea mitindo. Tairi za inchi 20, breki ya nyuma tu.

Kawaida naichezea kwa singeli, ule muziki wa mbio. Ile kasi inanipa mzuka, hata muda wa kuogopa huna.

Leo muuza mihogo kaweka taarab ya zamani. Nikasema haya, twende nayo.

Aisee!
Fidla inavuta, nami nainua tairi la mbele taratibu, nazunguka na la nyuma nikisubiri ngoma irudi. Mchanga juu ya lami unasagika kwa chini, krrr. Mama mmoja akaacha muhogo wake, akapiga kigelegele!

Singeli siachi, mimi mtoto wa Manzese bwana. Ila kesho kwenye spika inaanza taarab.

Nitupieni nyimbo hapo chini. Za taratibu!