Parseli ya makoro ndani ya Quake

Siku hizi najenga parseli ya Goma, yaani nyumba na ua wake, ndani ya Quake, mchezo wa kompyuta. Ina ukuta wa makoro, mawe ya lava, kama zile za mtaa wa Himbi, mlango wa mabati, jiko la nje, na volkano ya Nyiragongo inachungulia kwa nyuma. Mchezo wenyewe ulitoka 1996, na msimbo wa injini yake uliachiwa huru 1999. Ndiyo maana mpaka leo watu wanautengenezea ramani mpya, yaani mahali pa kuchezea. Mimi natumia TrenchBroom, edita ya bure ambayo hata kompyuta yangu kuukuu inaimudu.

Kinachonila saa ni kuvuja. Ramani ya Quake lazima ifungwe pande zote. Programu ya qbsp, inayogeuza ramani kuwa faili ambayo mchezo unaisoma, huanzia nje, kwenye utupu, na kutafuta pa kupenyea. Ikipenya mpaka ikakuta kitu kilichowekwa ndani, taa au adui au mahali mchezaji anapoanzia, inatangaza kwamba ramani inavuja. Hapo vis, programu inayokokotoa kipi kinaonekana kutoka wapi, haiwezi kufanya kazi yake, na injini inabaki kuchora kila kitu hata kilicho nyuma ya kuta.

Hata mbingu ni ukuta. Ua wa kwetu hauna dari, mvua ikinyesha inanyesha; kwenye Quake ua huohuo unafunikwa kwa bamba gumu lililopakwa mbingu. Mchezaji anaona mawingu yanapita, qbsp inaona paa. Na mlima nao lazima ukae chini ya paa hilo, kwa hiyo Nyiragongo yangu ni kilima kidogo nyuma tu ya jiko. Kilinichekesha, kisha nikakizoea. Ukisimama mlangoni unaamini uko mbali.

Shida kubwa ni makoro yenyewe. Jiwe la lava halina upande ulionyooka, na nilitaka ukuta uonekane umejengwa na fundi wa hapa, si kiwanda. Lakini faili ya ramani haihifadhi pembe za kipande. Inahifadhi nyuso zake, kila uso kwa nukta tatu, na pembe zinakokotolewa pale nyuso zinapokutana. Ukishapindisha mawe ovyo nje ya gridi, pembe za majirani hazilingani sawasawa. Upenyo unaobaki jicho halioni. qbsp inauona.

Ujumbe wa kosa nao unapoteza watu. Unataja kitu kilichofikiwa na mahali kilipo, tuseme taa ya jikoni, na mgeni anakimbilia kuifuta taa. Ukiifuta, safari ijayo itatajwa sufuria au mbwa. Taa haina kosa lolote. Tundu liko kwingine njiani. Bora kufungua faili ya nukta ambayo qbsp imeacha: edita inachora mstari kati ya kitu hicho na utupu. Mimi naufuata kuanzia upande wa nje, kwa sababu ndani unazunguka vyumbani, lakini nje pale unapotoboa ukuta ndipo penye kazi. Mstari ukichanganya sana, nafunika nusu ya ramani kwa bonge moja gumu na kukompaili tena. Kuvuja kukikoma, tundu limo katika nusu iliyofunikwa.

Mdogo wangu, anayenitazama kila umeme ukiwepo, ana dawa yake: "Yaya, weka tu sanduku kubwa inje, iishe." Ni kweli kosa litaisha. Lakini qbsp itadhani nafasi yote kati ya sanduku na kuta ni sehemu ya mchezo, migongo ya nyumba itabaki na kupewa mwanga bure, na vis itasaga mpaka betri iishe. Nilimwambia, "Kadogo, hiyo ni kuhamishia tatizo kwa jirani." Hakukubali.

Nilichochagua ni ukuta mmoja mnyofu, unene wa vizio 16 vya Quake, umekaa kwenye gridi, kazi yake kuziba tu. Mbele yake nimeyapanga makoro kama func_detail, yaani mapambo yasiyohesabiwa kuwa yanaziba. Sasa naweza kuyapindisha nipendavyo. Wengine wataona ni udanganyifu; kwangu ndiyo njia pekee ya kupata ukuta mbaya unaopendeza.

Umebaki mlango wa mabati. Mlango unaofunguka hauzibi chochote, hata ukiwa umefungwa, na huu wangu ulikuwa unatazama utupu. Ikabidi nijenge kipande cha barabara nje yake, na kuta zake na mbingu yake, mahali ambapo mchezaji hatafika. Nimeweka chukudu moja hapo, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, yenye magunia ya makala, ili asipojua la kufanya angalau aitazame.