Ndege ya Hargeisa

Katikati ya Hargeisa, mji mkuu wa Somaliland, eneo la kaskazini mwa Somalia lililojitangazia uhuru, katika uwanja uitwao Khayriyada, kuna mnara wa kumbukumbu ya vita: ndege ya kivita aina ya MiG imepandishwa juu ya jukwaa lililochorwa picha za mateso ya raia, na hatua chache kutoka hapo wabadilisha fedha wamekaa nyuma ya marundo ya shilingi za Somaliland. Nilifika hapo nikiwa na mzee mwenyeji wangu, ambaye Kiswahili chake alikipata Eastleigh, Nairobi, alikoishi miaka mingi. Akanyoosha mkono kuelekea kusini, akaniambia, "Hizi hazikutoka ng'ambo, mwanangu. Zilikuwa zinaruka kutoka pale, uwanja wetu wenyewe."

Maneno hayo ndiyo kiini cha mnara huu. Mwishoni mwa Mei 1988, wapiganaji wa SNM, kundi la waasi wa kaskazini, walipoingia mji wa Burao na kisha Hargeisa, serikali ya Siad Barre, rais wa Somalia wakati huo, iliijibu miji hiyo kwa mizinga na kwa ndege, na marubani wakawa wanapaa kutoka uwanja wa Hargeisa, wanaangusha mabomu juu ya mitaa inayoonekana kutoka hapo hapo, kisha wanarudi kupakia mengine. Sehemu kubwa ya mji iligeuka vifusi. Mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Ethiopia, wengi kwa miguu, wakaishia katika kambi kama Hartasheikh, na hata misafara yao ilishambuliwa kutoka angani. Idadi ya raia waliouawa kaskazini hukadiriwa kwa makumi ya maelfu. Inayotajwa mara nyingi ni 50,000. (Rubani mmoja, Ahmed Mohamed Hassan, alikataa kuwapiga raia, akaipeleka ndege yake Djibouti Julai 1988. Jina lake linastahili kutajwa kila hadithi hii inaposimuliwa.)

Nakiri kwamba mwanzoni mnara huu ulinikera. Niliona kwamba aliyestahili kuinuliwa juu ni marehemu, wala si chombo kilichomuua, na nilimweleza mzee hivyo bila kuficha. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba waliouawa kila familia inawajua wake na inawaombea, ila kuna watu ambao hadi leo husema kwamba mabomu hayo hayakuwahi kuanguka, na hao ndio waliowekewa ndege. Sikuwa na la kumjibu. Ndege ile ilikuwa mali ya jeshi la Somalia, ilinunuliwa ili kuwalinda watu haohao waliokufa chini yake, na hakuna jiwe lililochongwa majina ambalo lingeweza kuyasema hayo waziwazi kiasi hicho.

Kesho yake niliondoka kwa ndege ya abiria, kutoka uwanja uleule. Niliangalia saa yangu magurudumu yalipoacha ardhi. Dakika moja haikutimia, mabati ya nyumba za Hargeisa yakawa chini yangu, karibu kiasi cha kuziona nguo zilizoanikwa uani.